Herufi Moja Katika Damu



Baadhi yenu mmeona kwamba tangu Kwaresima tumekuwa tukikaa kila Jumamosi alasiri katika chumba cha mafundisho, sisi walezi pamoja na vijana wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma Baiolojia na Kemia. Mmetuuliza: padre na walezi wanatafuta nini katika seli, protini na vinasaba? Swali hilo ni la haki, na juma hili tunapenda kulijibu.

Vijana wenyewe ndio walioanza kwa kulalamika. Walisema kwamba masomo haya ni msitu wa majina. Mwanafunzi hukariri ribosomu, mitokondria, vimeng'enya na asidi amino 20, hufanya mtihani, na baada ya mwezi mmoja hakumbuki kitu. Tukakubaliana kuchagua jambo moja ambalo kila mmoja analifahamu kutoka nyumbani, tulifuate hatua kwa hatua mpaka ndani kabisa ya seli. Tulichagua ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu huuita siko seli. Hakuna aliyeuliza sababu, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nao.

Tulianza na chembe nyekundu ya damu. Ikiwa nzima ina umbo la duara, nayo imebonyea katikati pande zote mbili, na ni laini kiasi cha kujikunja na kupita katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Haina kiini. Karibu nafasi yake yote imejazwa himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni. Chembe moja huwa na molekuli zake zipatazo milioni 270. Chembe hiyo huishi siku 120 hivi, kisha mwili huivunja na kutengeneza nyingine.

Protini ni kama uzi wa shanga. Shanga zenyewe ni asidi amino, na mpangilio wake ndio unaoamua jinsi uzi utakavyojikunja. Shanga zinazopenda maji hukaa nje; zile zinazoyakwepa, kama mafuta yanavyoyakwepa, hujificha ndani. Umbo linalopatikana ndilo linaloiwezesha protini kufanya kazi yake. Himoglobini ya mtu mzima ina nyuzi nne: mbili ziitwazo alfa, zenye shanga 141 kila mmoja, na mbili ziitwazo beta, zenye shanga 146.

Maagizo ya kupanga shanga hizo yameandikwa katika DNA kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Kila herufi tatu hutaja shanga moja. Seli hunakili maagizo hayo katika RNA, na ribosomu huisoma nakala hiyo na kuunga uzi. Katika uzi wa beta, shanga ya sita yapaswa kuwa asidi ya glutamiki, inayopenda maji, na maagizo yake ni GAG. Kwa mwenye selimundu, herufi ya katikati imebadilika na kuwa T. Maagizo yanasomeka GTG, na mahali pa asidi ya glutamiki inawekwa valini, inayoyakwepa maji.

Ni herufi moja kati ya zipatazo bilioni 3. Lakini himoglobini inapoachia oksijeni yake, ile valini iliyo juu ya uso wake hupata kijishimo katika molekuli jirani na kujishikiza humo. Jirani naye hushikamana na mwingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu, ngumu, zinazoisukuma chembe kutoka ndani na kuipinda kama mundu. Chembe iliyopinda hukwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Tena huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 tu, na mwili hauwezi kuijaza nafasi yake kwa kasi hiyo. Ndipo tunapoona upungufu wa damu na macho ya manjano.

Haikuwa rahisi kuyajua hayo. Daktari James Herrick wa Chicago alizieleza chembe hizo zenye umbo la mundu mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa husafiri tofauti katika uga wa umeme, maana yake hitilafu imo katika molekuli yenyewe. Kisha Vernon Ingram, huko Cambridge, aliikata himoglobini vipande vipande kwa kimeng'enya, akavitandaza juu ya karatasi, akaona kwamba ni kipande kimoja tu kilichotofautiana. Kufikia mwaka 1957 alikuwa ameitambua shanga iliyobadilika.

Sasa tueleze kwa nini mambo haya yametugusa kuliko mtihani wa vijana. Tunamfahamu mama mmoja, na kwa ruhusa yake tunaeleza habari zake bila kutaja jina wala jumuiya. Mtoto wake alizaliwa na afya njema, mnene, mwenye kucheka. Alipofika miezi saba, mikono na miguu yake ilivimba, akalia usiku kucha. Jamaa za mume wakasema: mtoto aliyezaliwa mzima hawezi kuharibika hivi hivi, lazima yupo aliyemharibu. Kwanza alishukiwa jirani, mwanamke mtu mzima aliyezoea kumbeba mtoto. Kisha ilisemwa kwamba katika ukoo wao ugonjwa huu haujapata kuonekana, hivyo mama ndiye aliyeuleta. Akarudishwa kwa wazazi wake pamoja na mtoto mgonjwa.

Jumamosi moja tulifika mahali ambapo vitabu vinaeleza himoglobini ya mtoto aliye tumboni. Himoglobini hiyo haina nyuzi za beta. Hutumia nyuzi nyingine, ziitwazo gama, ambazo maagizo yake ni mazima. Baada ya kuzaliwa, mwili hupunguza gama na kuongeza beta kidogo kidogo, na mtoto anapokaribia nusu mwaka beta huwa ndizo nyingi. Binti mmoja wa kidato cha sita aliweka kalamu chini akasema: "Kumbe ndiyo sababu huzaliwa wazima!" Chumba kizima kilinyamaza, kwa kuwa wengi walikuwa wanayajua maneno yaliyosemwa juu ya yule mama.

Ndivyo ilivyo, wapendwa. Mtoto huyo hakuharibiwa na mtu katika mwezi wa saba. Ile herufi alikuwa nayo tangu siku alipotungwa mimba. Kilichotokea ni kwamba himoglobini iliyokuwa ikimkinga imepungua kama inavyopungua kwa kila mtoto duniani. Yule jirani aliyembeba hakuwa na neno lolote katika jambo hili.

Wala hakuna aliyeuleta ugonjwa peke yake. Kila mtu hupokea nakala mbili za maagizo ya beta, moja kwa baba na moja kwa mama. Katika aina ya ugonjwa iliyo ya kawaida kwetu, mgonjwa amepokea nakala yenye herufi iliyobadilika kutoka pande zote mbili, na huandikwa SS. Aliyepokea moja tu huandikwa AS, na kwa kawaida huishi bila dalili yoyote. Baba na mama wakiwa AS wote wawili, katika kila mimba uwezekano wa kupata mtoto SS ni mmoja kati ya minne. Hesabu hii msingi wake uliwekwa na mtawa wa Mtakatifu Augustino, Gregor Mendel, aliyechapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere mwaka 1866 katika mji wa Brno. Kwa hiyo ukoo unaweza kupitisha herufi hiyo vizazi vingi bila kumwona mgonjwa, huku wakiapa kwamba kwao haipo.

Je, si laana basi, kwa kuwa imeenea hivi? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 utafiti alioufanya Afrika Mashariki, akaonyesha kwamba wenye AS wana kinga kubwa zaidi dhidi ya malaria. Palipokuwa na mbu wengi, mtoto mwenye nakala moja aliponea mahali ambapo wenzake walikufa, akakua, akazaa. Herufi hiyo imetufikia kupitia watu iliyowaokoa. Lakini tuangalie sana: mwenye SS hana faida hiyo, na malaria kwake ni hatari kubwa.

Swali la nani aliyekosa ni la kale. Wanafunzi wa Bwana walimwuliza juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, wakidhani kosa ni lake au la wazazi wake, naye hakukubali kumtafuta mkosaji. Nasi tumeona kwamba, katika jambo hili, anayejua kazi ya uzi wa beta ana namna ya kumtetea asiye na hatia ambayo wengine hatukuwa nayo.

Baadhi yetu tulikwenda kwa familia ile pamoja na muuguzi na wazee wa jumuiya. Baba wa mtoto alikubali kupimwa. Majibu yakaonyesha AS, sawa na mkewe. Babu wa mtoto alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza kama yeye naye anaweza kupimwa. Mama amerudi nyumbani kwake. Yule jirani bado hajaombwa radhi, na jambo hilo tunaliacha mbele ya wahusika, ambao tunaamini wanasoma hapa.

Yapo mambo ya kufanya. Wachumba waombe kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini mapema, kabla ya matayarisho ya harusi, ili wajue ukweli na kuupima wakiwa wawili. Mtoto aliye na ugonjwa apelekwe kliniki mapema, apate chanjo, dawa za kumkinga na maambukizo, na chandarua kila usiku. Ipo dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo huurudisha mwili kutengeneza himoglobini ya utotoni kwa kiasi fulani na kupunguza vipindi vya maumivu, waulizeni madaktari. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba inayohariri vinasaba vya seli za uboho wa mgonjwa ili himoglobini hiyo hiyo irudi. Bei yake iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2, na twajua ni nyumba ngapi kati yetu zinaweza kuifikia. Kwa sababu hiyo pia tunataka vijana wetu wasome, wawepo kati ya watakaotafuta njia ya bei ndogo.

Kwenu wanafunzi tuna shauri moja. Mnapokutana na jina jipya, ulizeni kwanza: kitu hiki hufanya kazi gani, na kikiharibika nani anaumia? Jina litakaa lenyewe.

Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, tunaanza mitokondria. Wazazi nao wanakaribishwa, na viti vipo.