Deni langu kwa mjomba: waya usiopata moto

Siku nyingi sijaandika hapa, kazi ya programu imenibana. Leo stima imepotea hapa Tuwan, laptopu ina betri kidogo, nami nina deni la kulipa kabla haijazima.

Mjomba wangu ana karakana ya kuchomelea mageti hapa Kitale. Machi 2023 nilimkuta ameketi, anasubiri waya za mashine zipoe. Nikamwambia, "Mjomba, siku za waya kupata moto zimekwisha." Nilikuwa nimesoma kwamba Ranga Dias na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wametangaza katika jarida la Nature haidraidi ya lutetiamu inayopitisha umeme bila ukinzani wowote katika joto la kawaida la chumba. Mjomba akawahadithia wateja wake wote. Novemba mwaka huo huo jarida likaifuta makala hiyo, baada ya waandishi wenza wengi kuomba ifutwe. Mimi nikanyamaza.

Ukinzani ni nini? Elektroni zikipita ndani ya shaba hugonga vikwazo, na nguvu hugeuka joto. Ndiyo maana waya wa mjomba hupata moto. Katika supakondakta, elektroni hutembea mbili mbili, zikiunganishwa na mitetemo ya atomu, bila kupoteza nguvu. Joto likizidi, jozi huvunjika. Haidrojeni ndiyo atomu nyepesi kuliko zote, hutetemeka kwa kasi sana, kwa hiyo jozi zake huweza kustahimili joto zaidi. Neil Ashcroft alilitabiri hilo mwaka 1968.

Na msidhani yote ni hewa. Mwaka 2015 kundi la Mikhail Eremets kule Mainz, Ujerumani, lilifikia -70°C kwa kutumia salfa na haidrojeni. Mwaka 2019, kwa lanthanumu, likafika karibu -23°C, kidogo tu chini ya friza ya nyumbani. Walipoweka haidrojeni nzito badala ya ile nyepesi, kiwango kilishuka, sawa na nadharia. Maabara nyingine nazo zimeona hivyo hivyo. Sisi wa programu tunajua: kitu kinachofanya kazi kwenye kompyuta yako peke yako bado hakijafanya kazi.

Jumamosi nilikwenda kumwambia mjomba ukweli. Nikamweleza pia kwamba hata hizo za kweli ni chembe ndogo kuliko unene wa unywele, zimebanwa kati ya almasi mbili kwa shinikizo kubwa kuliko la hewa yetu zaidi ya mara milioni moja.

Akanitazama. "Sasa mpwa wangu, hizo almasi nitazibeba mpaka kwa geti la mteja?"

Tukacheka. Kisha akasema, "Wale niliowaambia, utawaambia wewe."

Basi nimeanza na ninyi. Betri imefika asilimia 6. Maoni yenu yanakaribishwa. Tukijaliwa, tuonane tena.