Kibaoni: Mitego miwili kwenye njia moja

Barabara itokayo Mpanda ikifika Sitalike huvuka Mto Katuma, na msafiri asiye na haraka husimama hapo kuwatazama viboko waliolala majini, mgongo juu ya mgongo, kama magogo yaliyoachwa na mafuriko. Sisi tulikuwa na haraka. Tulikuwa watatu wa kamati ya msikiti, tumepakia mabati ya paa la madrasa na katoni mbili za juzuu, na ndugu zetu wa Kibaoni walikuwa wakitusubiri kwa swala ya adhuhuri. Kutoka Sitalike hadi Kibaoni ni kama kilomita 70, na sehemu kubwa ya mwendo huo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi.

Gari letu la kukodi lilikuwa na dirisha moja lisilofunga. Jambo hilo hatukulitia maanani mpaka ndorobo walipoanza kuingia. Awajuaye ndorobo wa miombo ya Katavi hahitaji maelezo. Asiyewajua atosheke na kuambiwa kwamba huuma juu ya kanzu, na kwamba mweka hazina wetu, mtu mpole kwa tabia, alijipiga mgongoni kwa kitabu cha stakabadhi mpaka tulipotokea kwenye mashamba ya mpunga ya upande wa pili. Wanyama tuliowaona njiani walikuwa twiga wawili na ngiri mmoja. Mmoja wetu alisema kwa masikitiko kwamba hifadhi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, iliyotangazwa tangu mwaka 1974, ilipaswa kutuonesha zaidi ya hapo.

Adhuhuri tuliiwahi, alhamdulillahi.

Kibaoni ni mji mdogo wa Mpimbwe, wenye maduka yanayotazamana barabarani, mashine za kukoboa mpunga, na vumbi jekundu la mwezi wa Agosti linalokaa juu ya kila kitu, hata juu ya birika za udhu. Upande wa magharibi husimama ukuta wa milima wa Lyamba lya Mfipa. Kaskazini, mahali mashamba yanapokoma, huanza pori. Wapimbwe ndio wenyeji wa asili, na tangu zamani wamekuwa watu wa asali na uwindaji. Wafipa wamo, na Wasukuma walioanza kuhamia na ng'ombe wao katika miaka ya 1970 wamo kwa wingi. Katika safu moja ya swala mtu husikia lugha tatu zikinong'onezwa kabla ya imamu kukabiri.

Mwenyeji wetu ni mzee aliyepita miaka sabini, aliyewahi kuwa imamu wa hapo. Baada ya isha, tukiwa tumekaa mkekani uani kwake, alikuja mtoto wa kiume wa miaka minane hivi, amebeba bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Shikamoo babu. Mama amesema hiki ni kitoweo cha wageni."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwambie mama ahsante sana, Mungu ambariki."

Mzee alifunua, akaona nyama iliyokaushwa na kuungwa kwa karanga, akafunika tena, akaliweka bakuli nyuma yake karibu na ukuta. Tulikula wali na maharage. Harufu ya ile nyama ilikuwa nzuri mno, na hakuna aliyeuliza.

Katika mazungumzo ya usiku huo ndipo tulipofahamu habari ya kamera. Nyumba ya jirani alikuwa amepanga binti mmoja, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, anayechunguza wanyama wanaotoka hifadhini na kuingia katika pori la kijiji. Ana kibali cha Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, na ridhaa ya mkutano wa kijiji. Mzee humsaidia kumwonesha njia, kwa kuwa ujanani aliziwinda njia hizo zote kwa leseni ya bunduki ya gobori. Alitwambia, "Nyinyi mmelalamika kwamba hamkuona mnyama. Kesho twendeni mkaone wanaowaona nyinyi."

Tuliondoka alfajiri, kwa miguu. Baada ya saa moja na nusu tulikuwa kwenye mti wa mninga kando ya korongo kavu, na binti akatuonesha kisanduku cha plastiki chenye rangi ya magome, kikubwa kama redio ya mkono, kimefungwa kwa mkanda juu kidogo ya goti la mtu. Bila kuoneshwa tungepita. Ndani yake mna betri, kadi ya kuhifadhia picha, na kihisi kinachotambua joto linapotembea: mwili wa mnyama ukipita, kamera hujifyatua yenyewe, na usiku hutumia mwanga ambao jicho halioni, ndiyo maana picha za usiku hutoka nyeusi na nyeupe. Kila picha hupigwa muhuri wa tarehe na saa. Kamera huelekezwa kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiipofushe, na majani ya mbele hukatwa, kwani jani lililopata jua kali likipepea huidanganya kamera nayo ikapiga mamia ya picha za upepo. Adui zake, alisema binti, ni tembo, fisi na sisimizi, kwa mpangilio huo.

Ufundi huu si mgeni katika nchi hii kama tulivyodhani. Mjerumani C. G. Schillings alitega kamera na baruti ya mwanga usiku katika nyika za kaskazini ya nchi yetu, enzi ya Wajerumani, na kitabu chake chenye picha hizo kilitoka mwaka 1905. Mwaka uliofuata jarida la National Geographic la Marekani lilichapisha picha za usiku za George Shiras, aliyewafanya kulungu wa kwao wajipige picha wenyewe kwa kugusa uzi. Katika zama zetu, Serengeti ilifungwa kamera 225 kwa mradi mmoja ulioanza mwaka 2010; na katika milima ya Udzungwa, mwaka 2005, kamera ya namna hii ilimnasa sange wa aina ambayo sayansi haikuwa imeiandika popote.

Binti alibadilisha kadi na betri, tukarudi. Uani kwa mzee alifungua kompyuta, nasi tukajipanga nyuma yake kama watoto wa madrasa. Zilianza picha za majani. Kisha kanga, nyani, tohe mmoja mwenye wasiwasi. Kisha, saa 11:40 alfajiri ya siku ya nne, likatokea kundi la swala pala, na wote walikuwa na pembe. Kichwa kwa kichwa, pembe zilizopinda kwenda nyuma kisha zikanyooka juu, zimejaza kioo kizima. Picha iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata. Mmoja wetu akatamka mia moja.

Binti akacheka. "Subirini, ustadhi. Huyu mwenye sikio lililochanika tazama yuko hapa, na hapa, na hapa tena siku ya sita. Ni walewale wanapita." Akatufundisha kuhesabu kwa masikio na pembe zilizovunjika, si kwa picha. Ile mia ilishuka mpaka kumi na tisa. Kumi na tisa si haba, tena madume watupu.

Swala pala dume pekee ndiye mwenye pembe. Anapokaribia kupevuka, dume mwenye eneo humfukuza katika kundi la mama yake, naye hana pa kwenda ila kujiunga na waliofukuzwa kabla yake. Hao makapera hutembea pamoja, hulambana shingo kuondoa kupe, na hujifunza kupigana kwa kusukumana pembe pasipo kuumizana sana. Hukaa pembezoni, kwenye malisho ambayo wenye majike hawayahitaji. Hata huyo mwenye eneo hadumu: kulinda mipaka, kunguruma na kukimbiza wapinzani humnyima muda wa kula, na baada ya wiki au miezi michache hukonda, hushindwa, akarudi kwa makapera kujinenepesha upya. Kina baba waliokuwapo walisema maneno mahali hapa, nasi hatuyaandiki katika ukurasa wa familia.

Pembezoni mwa swala ndipo pembezoni mwa watu. Pori la kijiji ni malisho ya makapera kwa sababu wenye nguvu wameshika mabonde ya ndani. Basi wanaotufikia sisi ni hao vijana wasio na eneo, na wanaowafuata porini huko ni vijana wetu wasio na shamba.

Siku ya tisa kundi lilipita tena, na dume wa mwisho alikuwa na waya shingoni. Waya ulikuwa umekatika na kipande kikaning'inia kifuani; ngozi chini yake ilikuwa imefunguka. Picha ilikuwa safi sana, ya saa mbili asubuhi. Binti hakusema kitu. Akabonyeza mbele, na kabla hajawahi kuuweka mkono juu ya kioo, sote tulikuwa tumekwisha kuona: mwanamume amesimama katika njia ileile, saa 12:20 jioni, koili ya waya begani, ameigeukia kamera kana kwamba amesikia kitu. Uso wake ulionekana wote.

Mzee alisema, "Laa ilaha illa Llah," akatazama chini.

Binti akaifuta mbele yetu. Alieleza kwamba hiyo ndiyo ahadi aliyoitoa katika mkutano wa kijiji: picha ya mtu haihifadhiwi, haioneshwi, wala haipelekwi kwa yeyote. Kina mama hupita pale kutafuta kuni, na wasingekubali kwa sharti jingine. Aliomba radhi kwamba leo tumeiona.

Tulibishana, na kwa kuwa kalamu ya ukatibu imezoea kuandika yaliyosemwa, tutayasema. Mmoja wetu alishikilia kwamba anayejua uovu akanyamaza ni mshirika wake. Wanyama ni mali ya umma, sheria namba 5 ya mwaka 2009 iko wazi, na si siri kwamba wamepungua: mwaka 2008 mtafiti Tim Caro alichapisha hesabu za miaka mingi zikionesha aina kadhaa za wanyama wakubwa wa Katavi na Rukwa zikishuka. Mwingine alisema ahadi ya binti ni amana, nasi tuliokaa mgongoni kwake tumeingia katika amana hiyo bila kuapa. Tena kumsitiri Muislamu ni jambo tulilofundishwa. Wa tatu aliuliza itakuwaje kamera zikigeuka za kukamatia watu: zitavunjwa kwa mapanga ndani ya wiki moja, na hakutakuwa na wa kumwona swala wala mtu.

Binti aliongeza jambo ambalo halikutupitia akilini. Picha ya kundi nayo ina hatari yake. Huko Marekani wawindaji hufunga kamera kama hizi kuhesabu madume kabla ya msimu, na jimbo la Arizona liliamua kuanzia mwaka 2022 zisitumike kusaidia uwindaji. Hapa asiye na leseni akijua kwamba kumi na tisa hupita korongo fulani alfajiri, hahitaji kingine. Kwa hiyo korongo lenyewe hatukulitaja, wala hatutalitaja.

Mzee alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akalivuta lile bakuli kutoka ukutani, lingali limefunikwa, akauliza hukumu ya nyama ya mnyama aliyenyongwa na kitanzi. Aliijua kuliko sisi. Aliyekufa kwa kunyongwa ni mfu, si halali. Akikutwa hai akachinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, nyama yake ina hukumu nyingine, na mashitaka ya dola yanabaki palepale. "Wengi wa mitego ya waya hukutwa wamekufa," alisema. "Mtu hategi mitego thelathini akalala nayo." Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini jana tulikula maharage. Hakuhitaji kamera kumjua mleta kitoweo.

"Fundi wa kupiga mabati mmempangia kiasi gani?" akamgeukia mweka hazina.

Mweka hazina akataja.

"Na saidia fundi?"

Hatukuwa tumempangia saidia fundi. Mweka hazina akatutazama, nasi tukatazama mabati, akafungua kile kitabu chake kilichojikunja kwa ndorobo akaandika.

Mzee alimwaga ile nyama shimoni nyuma ya nyumba akaifukia, akalikosha bakuli kwa mkono wake, akalijaza mchele mpya, kwani bakuli la jirani halirudi tupu, akaenda nalo mwenyewe badala ya kumtuma mtoto. Alikaa huko mpaka karibu na alasiri. Aliporudi alisema tu kwamba ada ya shule ya yule mtoto mkubwa ilikuwa haijalipwa tangu Julai, na kwamba asubuhi tumtarajie.

Asubuhi alikuja, na nyundo yake. Alitoa salamu, tukaitikia, akapanda juu ya kenchi pamoja na fundi. Tulimpasia bati la kwanza. Yule binti alipita barabarani na msaidizi wake, wamebeba betri mpya, wanaelekea porini. Alisimama kidogo, akamwamkia mzee, akamsabahi fundi na saidia wake kama watu wengine wote, akaendelea na safari. Kijana juu ya paa alimfuata kwa macho mpaka alipoingia kwenye miti, kisha akaomba misumari.