Hakuna Mzimu Msituni. Je, Basi Tukate?



Ndugu zangu katika imani, kuna swali niliulizwa na kijana mmoja, na nimeona jibu lake lisibaki kati yangu na yeye tu.

Kwetu hapa Singe, Babati, ukiinua macho unauona mlima Kwaraa. Huku chini ziko sehemu ambazo maji yanatoka ardhini, na penye chemchemi miti husongamana. Kipo kijisitu kimoja cha namna hiyo ambacho napenda kwenda baada ya swala ya Alfajiri, siku nisizokuwa na darsa. Simu naiacha nyumbani. Natembea taratibu, nasoma nyiradi zangu, nakaa chini ya mkuyu nasikiliza maji. Mwenye deni, mwenye mgonjwa ndani, mwenye ugomvi na ndugu yake, namshauri ajaribu nusu saa tu. Qur'ani imejaa wito wa kutazama mbingu, ardhi, maji na mimea. Wengi wetu tunausoma wito huo ila hatutoki kwenda kutazama.

Asubuhi moja nikamkuta humo kijana, jirani yetu kabisa, ana panga. Mti mmoja ameshauangusha, wa pili anaupima kwa macho.

"Shikamoo shehe."

"Marahaba. Unakata kwa ruhusa ya nani, mwanangu?"

Akainamisha kichwa kwa adabu, lakini jibu alikuwa nalo: "Shehe, babu zetu walipaogopa hapa, wakisema pana mzimu. Nyinyi ndio mliotufundisha kuwa haogopwi ila Allah. Sasa mbona unanikataza?"

Ndugu yangu, usilidharau swali hili. Wazee wa Kigorowa walikuwa na misitu yao midogo ya mila, ambayo mtu hakuthubutu kuingia na shoka. Sisi tunasema, na tutaendelea kusema, kuutambikia mti au chemchemi ni shirki. Hilo halina mjadala. Lakini mtu akitoa hofu ya mzimu moyoni kisha asiweke taqwa mahali pake, inaingia tamaa.

Tauhidi haikuja kutuondolea adabu, imekuja kutujulisha mwenye mali ni nani. Yule mzee alikiogopa kitu kisichomwona. Wewe unajua kuwa Allah anakuona, hata kama mwenyekiti wa mtaa amelala. Sasa kati yenu wawili, nani anapaswa kuwa na tahadhari zaidi?

Nikamkalisha, nikamweleza mambo matatu.

La kwanza, maji yale si yake wala si yangu. Imepokewa kwa Abu Daud kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Na tazama Allah alivyoyapanga. Mvua inanyesha, majani makavu na mizizi vinaipunguza kasi, maji yanazama polepole, kisha yanatokea chini wakati mvua imeshakatika. Ukiuacha mlima na bonde uchi, maji yanapita juu juu na udongo wetu wanaondoka nao. Unayekata mti penye chemchemi unaigusa ndoo ya jirani yako.

La pili, Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha, katika hadithi aliyoipokea Muadh bin Jabal (R.A.), na sehemu tatu ambazo mtu akijisaidia hapo anajiletea laana: penye maji wanayoyaendea watu, njiani, na kivulini. Msitu wa chemchemi una yote matatu. Ikiwa kukichafua kivuli ni jambo zito hivyo, vipi kukiondoa kivuli chenyewe?

La tatu, kuhifadhi si jambo tulilofundishwa na wageni. Mtume (S.A.W.) aliliweka eneo la Naqi' kuwa hima, yaani sehemu iliyozuiwa kwa manufaa ya wote, na akakataza kukata miti ya haram ya Madina. Wako wanaodhani dini yetu ni ya jangwani, haina habari na misitu. Mtarakwa unaoota Kilimanjaro na Usambara, ndio huo huo ulioko Habasha walikohamia Masahaba, na ndio huo huo ulioko katika milima ya Asir, Saudi Arabia.

Na hapa hapa wilayani Babati tuna mfano. Msitu wa Duru-Haitemba, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulikuwa unamalizika. Serikali ikataka kuufanya hifadhi yake, wanavijiji wakasema tutaulinda wenyewe. Wakajiwekea sheria, wakaweka walinzi wao, na msitu ukapona. Leo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua misitu ya vijiji, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa chanzo cha maji. Kutii katika jambo la heri kama hili ni sehemu ya dini.

Kijana akanisikiliza, kisha akasema: "Shehe, nimeelewa. Lakini kibanda cha mama kinaanguka."

Hapo, ndugu zangu, ndipo mawaidha yanapopimwa. Ukimkataza mtu halafu ukamwacha na shida yake, kesho atarudi na panga usiku. Tukalipeleka jambo msikitini, jamaa wakachangishana, zikanunuliwa nguzo za mkaratusi kwa mtu aliyepanda shambani kwake, mbali na maji. Kibanda kikasimama, na mama yule bado anachota kwenye chemchemi ile ile.

Kila penye chemchemi pana watu, na kila msikiti una jamaa. Swali la kuuliza Ijumaa hii ni jepesi: chanzo chetu cha maji kiko wapi, na nani miongoni mwetu anakikata kwa sababu hana njia nyingine?

Surat al-Mulk, ambayo wengi wetu huisoma kila usiku, inamalizia kwa kutuuliza kuhusu maji yakididimia ardhini, ni nani atakayetuletea mengine. Usiku wa leo, ukifika kwenye aya hiyo, usiipite haraka.

Allah atujaalie tuwe wenye kumcha Yeye peke Yake, na wenye kutunza alichotuamini nacho. Amin.

Wabillahi tawfiq.