Mlima Unaogawa Mvua

Je, umewahi kujiuliza maji unayochota asubuhi yametoka wapi? Sisi akina mama wanane wa kikundi cha kanisa, watano wa Bukoba na watatu wa Kigoma, tulijiuliza hivyo kwa muda mrefu. Tukaweka akiba kidogo kidogo, na hatimaye tukafunga safari kwenda Rwanda kuuona msitu wa Nyungwe.

Tulivuka mpaka Rusumo, tukalala Kigali, na kesho yake tukapita Huye. Baada ya mashamba ya chai ya Kitabi, barabara inaingia msituni na baridi inaanza. Tulivaa masweta na kujitanda khanga juu yake, na bado tulitetemeka. Msitu huo una zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na mwaka 2023 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilele chake kirefu kuliko vyote ni Bigugu, chenye mita 2,950.

Tulipanda Bigugu kwa fimbo, polepole, tukishikana mikono penye utelezi. Mvua ilitunyeshea njia nzima. Kule juu kijana aliyetuongoza alituonyesha jinsi safu hii ya milima inavyoigawa mvua hiyo. Ile inayoanguka magharibi huishia Mto Rusizi, huingia Ziwa Tanganyika, hutoka kwa Mto Lukuga pale Kalemie, kisha hufuata Mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Ile ya mashariki huingia Rukarara, kisha Nyabarongo, kisha Kagera, ikafika Ziwa Victoria na kushuka na Mto Nile hadi Misri na Bahari ya Mediteranea.

Mwenzetu mmoja wa Kigoma akasema, "Kumbe wifi zangu wa Bukoba, tunakunywa mvua moja!" Tukacheka sana.

Lakini sisi wa Kagera tulinyamaza mapema. Tunakumbuka mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, mto huo ulipotuletea maiti za watu hadi ziwani. Wengi waliogopa kula samaki. Tangu hapo tunajua kwamba msiba wa nyumba ya juu hauishii kwao. Maji huuteremsha hadi mlangoni kwetu.

Tukashuka upande wa magharibi na kuliona kwa mbali bwawa la Kamiranzovu, jina ambalo maana yake ni "kinachomeza tembo". Tope lake hunywa mvua kama sifongo, kisha huitoa taratibu, hata kiangazi. Ukikata msitu na kukausha mabwawa ya namna hiyo, mvua hukimbia na udongo siku ile ile. Baadaye vijito hukauka.

Huko Gisakura tulizungumza na mama mmoja mchuma chai, mwanawe mgongoni. Alijua Kiswahili vizuri. Tulimwuliza kama huyachemsha maji. "Nachemsha, dada zangu," alijibu. "Watu husema maji ya mlima ni safi. Lakini na juu yangu kuna nyumba."

Neno hilo lilitugusa, hasa sisi tulio wauguzi. Kila mama ana jirani aliye juu yake, na kila mama yuko juu ya mwenzake. Wodini tunapokea watoto wenye kuhara, wamelegea, macho yameingia ndani. Mara nyingi mama amefanya usafi wote nyumbani kwake, lakini maji yameshachafuliwa huko yalikopita.

Basi, mama mwenzangu, chemsha maji ya kunywa hadi yatokote. Choo kiwe mbali na kisima au kijito, angalau mita 30, na kiwe upande wa chini. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kitupwe chooni. Usifue nepi mtoni. Usilime hadi ukingoni mwa maji; acha miti na majani yashike udongo.

Haya yote utamfanyia mtoto wako. Lakini utakuwa umemfanyia pia mtoto wa mama aliye chini yako, ambaye pengine hamtaonana kamwe. Naye atachota kesho maji uliyoyatumia leo.