Mguu wa Baba

Kariakoo ni jina la kijeshi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliwaita wapagazi wao "Carrier Corps". Kambi ilipokuwa, jina likabaki kwa matamshi yetu. Wengi waliuawa na maradhi, na mishahara mingi haikuchukuliwa na mtu. Huko Posta, maandishi ya Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 yanaahidi kwamba watoto watamkumbuka aliyekufa. Ada hayakuitaja.

Baba alikwenda Vita vya Kagera akiwa kijana, akaacha mguu wa kushoto Mutukula mwaka 1979. Mimi namjua na magongo yake tu, akiuza kufuli na bawaba Mtaa wa Kongo.

Nilipoomba mkopo wa shahada ya kwanza, niliambatisha fomu ya ulemavu wa mzazi, yenye saini na muhuri wa mganga. Iliuliza ulemavu gani. Ulipatikana wapi, haikuuliza. Baba akaivalia miwani.

"Vita havimo?"

"Hakuna nafasi, Baba."

"Basi watadhani nimegongwa na daladala."

Mkopo nilipata. Sasa nasoma shahada ya uzamili, ada natafuta kwa kufundisha tuisheni jioni. Juzi nilimweleza kwamba nikiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakatwa kila mwezi.

"Yaani mguu nimetoa mimi, deni ulipe wewe?"

Nikamwambia ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Mteja akauliza bei ya kufuli, akamgeukia.