Stendi ya baba, mabati ya mama

Kila Julai, msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa, baba wa nyumba moja ya Itigi huaga wanawe na kuingia Pori la Akiba la Rungwa. Kazi yake ni kusoma nyayo, na kumtazama mnyama kwa darubini kabla mgeni hajainua bunduki. Ada za watoto watatu hutoka humo, na katika biashara ya mkewe ya mafuta ya alizeti.

Mwaka juzi alirudi kimya. Mkewe alimwacha aoge, ale, ndipo akamuuliza.

Habari ilikuwa ya simba. Kanuni zinataka simba anayewindwa awe dume asiyepungua miaka 6, na umri huo hausomwi kwa manyoya ya shingoni peke yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2004 kuhusu simba wa Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kwamba pua ya simba kijana ni ya waridi, na huzidi kuingia weusi kadiri anavyokua. Kwa hiyo mtazamaji huikazia macho pua, tena kutoka mbali.

Siku ile darubini ndefu ya jicho moja ilikuwa juu ya stendi ya bei rahisi, ile tripodi ya miguu mitatu. Upepo ukavuma, miguu ikatetemeka. Darubini inayovuta mara 40 hukuza na mtikisiko mara 40. Pua ikaonekana nyeusi. Alikuwa ameshafungua mdomo kusema “ndiye” upepo ulipokatika, akaiona waridi.

“Nikasema siye,” alimwambia mkewe. “Lakini bado kidogo ningesema ndiye. Simba angekufa bure, na kazi ningekosa.”

“Huna stendi nyingine, baba watoto?”

“Ipo ya chuma, nzito. Tukishuka kufuata nyayo naiacha kwenye gari.”

“Basi hiyo si stendi. Hiyo ni mzigo wa gari.”

Hela ya akiba nyumbani ilikuwa ya mabati ya jiko. Mama hakutaka iguswe kwa maneno matupu. Alikwenda kwa jirani anayepiga video za harusi, akaazima stendi mbili, akaziweka kwenye mizani anayopimia alizeti. Ya alumini ilikaribia kilo 3. Ya nyuzi za kaboni ilikuwa kilo moja na nusu.

“Nyepesi si itapeperuka?” baba akauliza.

Binti yao wa kidato cha pili ndiye aliyeleta jibu. Alielekeza darubini kwenye maandishi ya tangi la maji upande wa pili wa reli, akamwambia mdogo wake agonge mguu wa stendi kwa kidole, naye akahesabu hadi maandishi yatulie. Stendi ya zamani ya baba, yenye miguu myembamba ya vipande vitano, ilimfikisha sita. Ya kaboni, yenye miguu minene ya vipande vitatu, ilitulia kwenye mbili. Uzito peke yake haukuwa siri ya utulivu. Unene wa miguu na uchache wa viungo vilihesabika zaidi, na kaboni humeza mtikisiko upesi kuliko alumini.

Kisha binti akaivuta juu nguzo ya katikati ili atazame amesimama. Hesabu ikarudi kwenye tano.

“Baba, huko porini unatazama umesimama au umekaa?”

“Nikitazama muda mrefu nakaa.”

“Basi hiyo nguzo ya nini?”

Jioni hiyo walijifunza mengine. Ukihitaji urefu, anza kuvuta vipande vinene vya juu, vyembamba viwe vya mwisho. Upepo ukizidi, tanua miguu, shusha stendi, tundika begi katikati. Kichwa kiwe cha mkono, kinachogeuka polepole na kubaki kilipoachwa, kwa sababu kile cha duara kikilegezwa huangusha darubini ndefu mbele. Na vifungio viwe vya kufunguliwa na kusafishwa, maana mchanga wa Rungwa huingia popote.

Tatizo lilibaki bei. Ya kaboni, hata ikiwa imetumika, ilimeza hela ya mabati yote. Baba akasema achukue ya alumini, jiko liezekwe. Mama alikaa muda akiitazama mizani.

“Hiyo kilo na nusu ya zaidi ndiyo itakayoiacha kwenye gari,” alisema mwishowe. “Mabati yatangoja.”

Jirani alikubali kulipwa mara mbili.

Novemba, mvua za kwanza ziliposhuka Itigi, mama alikuwa jikoni akitega sufuria chini ya bati linalovuja. Simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa baba, aliyepata mtandao kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

“Mwambie binti nilihesabu mpaka mbili. Pua ilikuwa waridi. Simba kaenda zake.”

Mama akamwita binti yake asome mwenyewe, kisha akaenda kumwaga sufuria iliyojaa.