‘Hapana’ ya mama na ubao wa Paje

Kwa miaka 12 mama mmoja mkazi wa Dodoma alikuwa na jibu moja tu watoto wake walipotaja maji. Hapana. Bwawa la kuogelea kwenye sherehe ya ndugu, hapana. Mto wakati wa kwenda kuwasalimia wakwe, hapana. Hata beseni kubwa la uani lilimwagwa siku mtoto wa jirani alipoanza kuingiza miguu.

Mumewe alikulia Mwanza na alijua kuogelea kabla hajaanza darasa la kwanza. Alikuwa ameshazoea kunyamaza. Lakini Desemba ile aliwaahidi watoto bahari, na ahadi ni deni. Mama akakubali kwa sharti moja: maji mwisho magotini.

Wakapanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam, wakalala kwa shangazi, na asubuhi wakachukua boti kwenda Unguja. Safari ya saa mbili hivi, mama aliimaliza akiwa ameinamisha kichwa, mkono mmoja kwa binti wa miaka 12 na mwingine kwa kaka mtu wa miaka minane. Kutoka mjini wakavuka kisiwa kwa gari hadi Paje, pwani ya mashariki.

Walifikia kwenye nyumba ndogo ya mama wa makamo ambaye ni mkulima wa mwani. Aliwapokea kwa chai ya tangawizi na onyo: “Bahari ya huku ina saa zake. Msiishi nayo kama bomba.”

Walielewa baadaye maana yake. Paje ina mwamba mbali na ufukwe, ambako mawimbi makubwa hukatikia. Kati ya mwamba na mchanga kuna maji matulivu. Yakijaa, hufika karibu na kuta za nyumba. Yakitoka, bahari huondoka kabisa, na wanawake huonekana mbali wakiinama kwenye mashamba yao ya mwani.

Siku ya pili, kama saa mbili asubuhi, binti aliaga kwamba anakwenda kuokota makombe. Baada ya muda mama alitoka na kikombe chake cha chai akaangalia ufukweni. Hakumwona. Akaangalia majini.

Hatua kama hamsini kutoka ufukweni, mtoto wake alikuwa amelala kifudifudi juu ya ubao mrefu wa bluu uliopauka kwa jua. Hakuwa na kasia. Mikono yake ilikuwa ikichota maji kushoto na kulia kama kasa, na watoto wawili wa kijijini walikuwa wakiogelea ubavuni wakimcheka.

Kikombe kilianguka. Mama alikimbia akiita jina la mtoto, akaingia majini na dera lake. Maji yalipofika magotini, miguu ilikataa.

Alisimama pale pale akipiga kelele. Binti aligeuza ubao taratibu, akapiga maji kwa mikono hadi ufukweni, akasimama mbele ya mama yake akitetemeka. Maji yale yalikuwa ya kifuani tu. Hakuna lililotokea. Lakini mama alijua alichokiona: kama lingetokea, yeye asingeweza kumfikia mwanawe.

Siku nzima hakuna aliyezungumza nyumbani mle.

Usiku, umeme ulipokatika na wote wakawa barazani, binti ndiye aliyeanza. “Mama, nilikudanganya kwa sababu nilijua utasema hapana. Huwa husemi kwa nini. Unasema hapana tu.”

Baba alikohoa ili amkanye. Mama akamzuia kwa mkono.

“Nilikuwa na kaka,” alisema.

Watoto walinyamaza. Hawakuwahi kusikia habari za mjomba huyo. Mama aliwaeleza kwa mara ya kwanza: yeye akiwa na miaka tisa, kijijini kwao Singida, kaka yake aliyekuwa na miaka 12 alipeleka ng’ombe lamboni kunywa maji. Ng’ombe walirudi wenyewe. Watu wazima walisimama kandokando ya lambo mpaka jioni, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Tangu siku hiyo bibi yao hajawahi kutaja jina lake.

Kaka mtu akamsogelea mama yake. Binti alikuwa analia bila sauti. Alikuwa na miaka ile ile 12.

Mwenye nyumba, aliyekuwa akichambua mchele kwa mwanga wa simu, hakuwatazama aliposema, “Pole, mwanangu. Lakini mtoto ukimnyima maji, atayaendea kwa wizi. Bora ayaendee unamwona.”

Baba naye alikuwa ameanza kusoma kwenye simu yake kuhusu ule ubao. Mchezo wa kulala au kupiga magoti juu ya ubao na kupiga maji kwa mikono una historia ndefu, hasa Hawaii. Mwaka 1932, Mmarekani Tom Blake na wenzake wawili walivuka hivyo kutoka bara la California hadi kisiwa cha Catalina. Leo yapo mashindano ya kuvuka kutoka kisiwa cha Molokai hadi Oahu, zaidi ya kilomita 50, kwa mikono mitupu.

Lakini habari aliyoisoma kwa sauti ilikuwa nyingine. Mwaka 1925, chombo kilipinduka kwa mawimbi huko Corona del Mar, California. Duke Kahanamoku, muogeleaji wa Hawaii aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki, alilala juu ya ubao wake, akawaendea waliokuwa wanazama na kuwaokoa watu wanane. Hata sasa waokoaji wa fukwe nyingi duniani hutumia ubao wa aina hiyo.

Mama aliomba airudie. Kisha akauliza, “Kwa hiyo ubao ule ni wa kumfuata mtu?”

“Unaweza kuwa wa kumfuata mtu,” alijibu mumewe.

Asubuhi ya siku ya tatu mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka. Alikuwa amejifunga kanga juu ya gauni. Mwenye nyumba akamrudisha ndani: kanga majini hufunga miguu. Akatoka tena na taiti na fulana ya mikono mirefu, vazi lililomsitiri mbele ya kijiji na kumkinga na jua.

Mwenye ubao alikuwa kijana anayefundisha wageni kuteleza majini kwa kuvutwa na tiara. Alimsalimia mama kwa shikamoo, akaomba radhi kwa ya jana, kisha akasema kwamba yeye hamwingizi mtu majini kabla hajamwonyesha vitu vitatu.

Cha kwanza kilikuwa kijiti. Alikichomeka mchangani pale maji yalipoishia. “Tukirudi hapa baada ya dakika kumi, maji yakiwa yamekipita, bahari inajaa, tunaingia. Yakiwa yamekiacha, inatoka, hatuingii. Maji yakitoka yanakwenda na vilivyo juu yake.”

Cha pili kilikuwa mahali mbali ambapo mstari mweupe wa mawimbi ulikatika. “Ule ni mlango kwenye mwamba. Ngalawa zinapita pale, na maji yanatokea pale. Sisi hatuendi huko. Tunakwenda sambamba na ufukwe, maji ya kiunoni, basi.”

Cha tatu kilikuwa upepo. Alirusha mchanga kidogo hewani wauangalie unakoelekea. Ukielekea baharini, ubao unabaki nchi kavu, kwa sababu kwenda ni rahisi na kurudi ni kazi.

Mama alisikiliza kila neno kama anasikiliza daktari. Hakuwahi kufikiri kwamba hofu yake ina vipimo.

Kijiti kilipopitwa na maji, kijana alimfunga jaketi la kuokolea maisha na kamba ya ubao kifundoni, mumewe akashika ubao upande mmoja. Mama akavuka magoti, mapaja, kiuno. Kisha akalala.

“Umelala mbele mno, mama, pua ya ubao itazama. Rudi kidogo. Hapo umezidi, sasa itanyanyuka, utakuwa kama unavuta mkokoteni. Pua ikae juu ya maji vidole vitatu hivi. Unganisha miguu. Mkono uingie mbele, uchote maji pembeni, utokee kwenye nyonga. Tazama mbele, usitazame chini.”

Alichota mara ya kwanza na ubao ukayumba. Akachota mara ya pili, ukaenda. Kwa mara ya kumi alikuwa ameshaacha kuhesabu.

Lakini shingo ilipochoka akaweka kidevu juu ya ubao na kutazama chini, ingawa alikatazwa. Maji yalikuwa safi kama glasi. Aliona majani ya bahari yakilala upande mmoja kama mtama kwenye upepo. Aliona kiti cha pweza chekundu kikiwa kimekaa juu ya mchanga, na samaki wadogo wakikimbilia kivuli cha ubao wake, siyo kukikimbia. Masikio yake yalikuwa karibu na maji kiasi kwamba hakusikia kitu kingine ila maji yakigonga mbao za ubavuni.

Aliporudi, mabega yalikuwa yanawaka na tumbo lilikuwa limechubuka kwa kusuguana na ubao. Binti alimkimbilia. “Umeona nini?”

“Nimeona samaki,” alisema, na akacheka kicheko ambacho watoto wake hawakukijua.

Asubuhi ile walipokezana. Binti alikwenda na kurudi akiwa na jaketi, mama akitembea kiunoni ubavuni mwake. Kaka mtu alilala mbele, mama nyuma yake, wakachota pamoja mpaka wakapinduka. Wote wawili walitoka wakikohoa. Mama alisubiri hofu imkamate kooni. Ilikuja, ikakaa kidogo, ikapita, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imegusa mchanga na mkono wake ulikuwa umeshika jaketi la mtoto.

Siku ya nne, mama alidamka na mwili mzima unauma lakini tayari amevaa. Kijana alirusha mchanga, ukaelekea baharini. Akatikisa kichwa.

“Kidogo tu,” mama alimbembeleza. “Hapa hapa karibu.”

“Leo hapana, mama. Upepo unatoka bara.”

Mama alikaa mchangani amenuna kama mtoto. Ndipo akagundua kwamba amenuna, ila hajaumia. Alikuwa ameambiwa hapana, na ameambiwa kwa nini. Hakuwa na hamu ya kuiba.

Usiku ule yeye na mumewe walizungumza hadi saa sita. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Shirika hilo hilo linashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe misingi ya kuogelea na namna salama ya kuokoa. Mama alikuwa akitumia hofu ile ile kama sababu ya kuwaweka watoto wake mbali na somo hilo. Walikubaliana kwamba wakirudi Dodoma, wote wanne watatafuta mwalimu wa kuogelea, na yeye mama ndiye atakayeanza. Ubao si kinga kwa asiyejua kuogelea, na jaketi halivaliwi maisha yote.

Siku ya mwisho gari lilikuwa lije saa nane mchana. Mabegi yalikuwa mlangoni. Kijana alikuwa ameacha ubao kivulini mwa mnazi, na kaka mtu alikuwa ameshaushika kwa mikono miwili.

“Mara moja tu,” alimwomba dada yake. “Mara ya mwisho.”

Mama aliyasikia akiwa barazani. Akafungua mdomo kulitoa lile neno lake la miaka yote. Kabla halijatoka, alimwona binti akitembea hadi ukingoni mwa maji, kwenye kijiti alichokichomeka mwenyewe kabla ya chakula. Maji yalikuwa yamekiacha nyuma, na kati ya kijiti na bahari kulikuwa na mchanga mbichi, kama hatua nne.

“Leo hapana,” binti alimwambia mdogo wake. “Maji yanatoka. Njoo uone.”

Mtoto alikwenda, akatazama kijiti, akatazama bahari. Akarudi, akauegemeza ubao kwenye mnazi bila kubisha.

Mama akafunga mdomo, akaingia ndani kuwaaga wenyeji.